Kugawana Mafaili Nyumbani: Njia Ipi Nafuu, Ipi Salama?

Nyumba yenye kompyuta mbili na printa moja haiishi kuhamisha vitu. Mtoto anataka kuchapisha kazi ya shule, mama ana video ya harusi ya mdogo wake, baba anautafuta mkataba uliobaki kwenye kompyuta ya sebuleni. Wengi hutuma kwa barua pepe au WhatsApp: faili linatoka chumbani, linapanda hadi seva za ng'ambo, kisha linashuka tena sebuleni, na bando limeliwa mara mbili.

Hapa tunalinganisha njia ambazo familia ya kawaida inaweza kuzitumia, kwa vipimo vitatu: pesa, muda, na watu wengine wanaoweza kuona vitu vyako. Kipimo hicho cha tatu ndicho husahaulika, na ndicho kinachopaswa kuamua.

Hesabu ya video moja ya GB 4

Tuanze na hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 bure, lakini humo humo ndimo zinamokaa barua pepe na picha zako. OneDrive na iCloud hutoa GB 5 kila moja. Ukitaka zaidi, GB 100 za Google huuzwa Marekani kwa dola 1.99 kwa mwezi, yaani karibu dola 24 kwa mwaka, na malipo hayo hayaishi. Video yetu itatumia GB 4 kupanda na GB 4 nyingine kushuka, hivyo bando la GB 8 limekwenda kwa faili lililovuka ukuta mmoja. Kama kasi yako ya kupandisha ni megabiti 5 kwa sekunde, utasubiri karibu saa moja na dakika 47 kabla hata ya kuanza kuipakua. Faida yake kubwa ni kwamba nakala iko mbali na nyumbani. Kompyuta ikiibwa au ikiungua, faili lipo.

Flashi inanunuliwa mara moja na haihitaji intaneti. Ina vikwazo viwili. Flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi. Ndiyo maana video inakataa kuingia hata kama nafasi ipo tele. Kikwazo cha pili kinajulikana na kila aliyewahi kuchapisha kazi kwenye kibanda cha steshenari: flashi inarudi na virusi, folda zote zimegeuka njia za mkato, na ukibofya mojawapo umeviingiza virusi kwenye kompyuta yako.

Mtandao wa ndani ni kompyuta mbili kuzungumza kupitia ruta bila kutoka nje. Bando linalotumika ni sifuri, na kazi inaendelea hata intaneti ikikatika. Kwa Wi-Fi inayotoa megabiti 40 kwa sekunde, video yetu itafika kwa dakika 13 hivi. Kwa kebo ya megabiti 100 itafika kwa dakika tano na ushei. Usiye na ruta unaweza kuwasha hotspot kwenye simu nyingi za Android, ukazima data, ukaziunganisha kompyuta zote mbili humo. Mafaili yatapita bila kugusa bando.

Kuna pia diski ya mtandao, kisanduku kinachochomekwa kwenye ruta na kuhifadhi vitu vya nyumba nzima. Zile za diski mbili kutoka kampuni zinazojulikana huanza karibu na dola 200 kabla hujanunua diski zenyewe. Ofisi ndogo au studio ya picha itanufaika nacho. Familia yenye kompyuta mbili haina sababu ya kukinunua.

Kwa pesa na muda, basi, mtandao wa ndani unashinda waziwazi. Sasa tutazame gharama yake isiyoandikwa kwenye risiti.

Nani anakuona?

Fungua dirisha la mafaili kwenye Windows, kisha bofya neno "Network" upande wa kushoto. Kama kompyuta yako inaruhusu kutafuta wenzake, utaona orodha ya majina: printa, runinga, kompyuta nyingine. Soma orodha hiyo polepole. Ukikuta jina usilolijua, tambua kwamba na mwenye kifaa hicho huenda analiona la kwako. Watu wengi wameipa kompyuta jina lao kamili, hivyo jirani anajua mara moja ni ya nani.

Windows inakupa uchaguzi wa aina mbili kwa kila mtandao unaojiunga nao. Ukichagua "Public", kompyuta inajificha na haigawi chochote, huku intaneti ikiendelea kwa kasi ile ile. Ukichagua "Private", unaweza kuiruhusu ionekane na igawane mafaili na printa. Uchaguzi huu uko kwenye mipangilio, sehemu ya "Network & internet", ndani ya sifa za mtandao uliojiunga nao. Kwenye Mac ugawanaji wa mafaili huja umezimwa, lakini kinga ya mtandao nayo mara nyingi huja imezimwa, kwa hiyo iwashe. AirDrop iache kwenye "Contacts Only".

Wenye kudhani kwamba hatari hii ni ya makampuni makubwa tu wakumbuke Mei 2017. Programu haribifu ya WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za bitcoin, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Ilipenya kupitia toleo la zamani la mfumo ule ule ambao Windows huutumia kugawana mafaili. Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho mwezi Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakuyaweka.

Kama ruta ni yako peke yako

Chagua "Private", kisha fungua mipangilio ya juu ya ugawanaji, inayoitwa "Advanced sharing settings". Washa kuonekana na kugawana kwa mtandao wa nyumbani tu, uviache vimezimwa kwa mitandao ya umma. Shuka hadi mwisho na uhakikishe ulinzi wa nywila umewashwa.

Hapo ndipo watu wengi hukwama, na inafaa tupatazame kwa karibu. Kompyuta ya pili inaomba jina na nywila. Mtu anaandika zile tarakimu za PIN anazofungulia kompyuta kila asubuhi, inakataa. Anajaribu tena, inakataa. Kwa hasira anauzima ulinzi wa nywila, na kuanzia hapo yeyote aliye kwenye Wi-Fi anaweza kufungua folda zilizogawiwa. PIN hufungua kompyuta ile moja tu. Haisafiri kwenye mtandao. Kinachotakiwa ni nywila ya akaunti yenyewe. Suluhisho lililo jepesi ni kutengeneza akaunti ndogo ya ndani kwa ajili ya kugawana tu, yenye nywila yake, na isiyo na mamlaka ya msimamizi.

Baada ya hapo gawa folda moja, usigawe diski nzima. Chagua jina la akaunti ile, usichague "Everyone", na uipe ruhusa ya kusoma tu, isipokuwa pale panapohitajika kuandika. Wageni wape mtandao wa wageni ambao ruta nyingi zinao: watapata intaneti bila kuziona kompyuta zenu.

Kwa anayetuma faili mara moja moja, yote haya si lazima. Programu ya LocalSend ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux, Android na iPhone, na mpokeaji hukubali kwanza kabla faili halijaingia. Kinga ya Windows ikiuliza ruhusa, weka tiki kwenye mitandao ya nyumbani pekee.

Kama mnatumia Wi-Fi ya ploti

Katika nyumba nyingi za kupanga, ruta moja inahudumia vyumba sita au kumi na nywila inajulikana hadi kwa waliokwisha kuhama. Mtandao huo ni wa umma hata kama ruta iko mlangoni kwako. Chagua "Public", na mafaili yahamishe kwa hotspot ya simu yako.

Ukitaka utulivu wa kudumu, nunua ruta ndogo ya pili, uichomeke kwa kebo kwenye ile ya ploti, na kompyuta zako zikae nyuma yake kwa nywila yako mwenyewe. Jirani atabaki na intaneti yake wala hatazikuta kompyuta zako kwenye orodha. Ruta ya bei ya chini hugharimu takriban kiasi cha mwaka mmoja wa zile GB 100 za mtandaoni, na unailipia mara moja.

Kompyuta za zamani

Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye nayo anaweza kuendelea kupata marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo akikubali kuoanisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Kompyuta isiyopata marekebisho isigawe chochote kwenye mtandao. Hapo hakuna mjadala.

Uamuzi wetu

Mwenye ruta yake: mtandao wa ndani, folda moja, nywila imewashwa. Mpangaji wa Wi-Fi ya pamoja: "Public" siku zote, na ruta ya pili mfuko ukiruhusu. Anayetembea na laptopu hotelini, chuoni na mgahawani: "Public", bila kugawa kitu. Hifadhi ya mtandaoni itumieni kwa zile nyaraka ambazo hamwezi kumudu kuzipoteza, kama vyeti, hati za kiwanja na picha za wazazi, kwa kuwa kwa hizo gharama ya bando inastahili.

Na leo jioni, kabla hujanunua chochote, badilisha nywila ya Wi-Fi yako, kisha ukiwa na orodha ya vifaa mbele yako, rudisha kimoja kimoja kile unachokijua. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi moja.