Aukot: Wakili kutoka Turkana aliyejitosa katika mbio za Ikulu

KWA mkazi wa Kalemng'orok, kituo kilicho kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar, Nairobi ni mbali kwa safari na mbali zaidi kwa huduma. Umbali huo ndio unaofafanua maisha ya hadhara ya Dkt Ekuru Aukot, wakili mzaliwa wa Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo.

Mnamo 2003 alichapisha makala kuhusu Kakuma, iliko kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka wa 1992. Hoja yake ilichoma: huko, afadhali kuwa mkimbizi kuliko kuwa Mturkana. Mkimbizi alipata chakula, matibabu na shule kutoka kwa mashirika ya kimataifa; mwenyeji aliyeandamwa na ukame aliyaona kwa jirani.

Baada ya kuongoza Kituo cha Sheria, kinachowatetea maskini, alikuwa mkurugenzi wa Kamati ya Wataalamu iliyoandaa katiba iliyopitishwa katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Katiba hiyo ilizaa serikali za kaunti, Lodwar ikawa makao makuu ya Kaunti ya Turkana.

Mwaka wa 2017 aliwania urais kwa tiketi ya Thirdway Alliance, akaambulia kura 27,311. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi huo, tume ya uchaguzi iliwateua Uhuru Kenyatta na Raila Odinga pekee kwa marudio. Dkt Aukot alikwenda Mahakama Kuu, akashinda, na jina lake likawa kwenye karatasi za kura Oktoba 26.

Mnamo 2019 mswada wake wa Punguza Mizigo, ulioungwa mkono kwa sahihi zaidi ya milioni moja, ulipendekeza wabunge na maseneta wapunguzwe kutoka 416 hadi 147 na mgao wa kaunti uwe angalau asilimia 35. Ulihitaji idhini ya mabunge 24 ya kaunti. Mabunge hayo, yaliyotokana na katiba aliyosaidia kuiandaa, ndiyo yaliyouzika.

Mahakamani, hoja ya mtu mmoja yaweza kushinda. Debeni huhesabiwa vichwa. Hata hivyo, lile swali la Kakuma halikuzikwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataka wakimbizi na wenyeji watumie huduma za umma kwa pamoja.