Fahamu: Mumeo akidaiwa kodi na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), deni ni la nani?

Ni la kwake. Sheria ya Ndoa ya 1971 haifanyi mali ya mke kuwa ya mume. Ila kama mliomba kutozwa kodi ya mapato kama mtu mmoja, mnawajibika wote wawili.

Basi mke wa mchuuzi wa dagaa wa Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe, hana sababu ya kuficha magunia yake. Aangalie kwanza tarehe ya barua ya TRA. Mume ana siku 30 za kupinga makadirio ya kodi, tena alipe theluthi moja ya kodi hiyo au kiasi asichokibishia, kilicho kikubwa zaidi. Asingoje siku ya 29. Ziwa likichafuka, boti za kwenda Kibirizi, mjini Kigoma, haziendi.

Deni likiwa halali na fedha hakuna, mume aandike mapema kuomba kulipa kwa awamu. Akinyamaza, TRA inaweza kuiagiza benki imkate, au ikamate mali na kuiuza.

Mimi naogopa zaidi mkopo wa haraka wa kulipia deni hilo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mke, kwa hiyo mke asome kabla ya kutia saini.