Krismasi Katika Uwanja wa Besiboli



Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika, nanyi wafadhili wetu, kila inapokaribia Krismasi tunawaomba nguo, sabuni, unga na fedha kwa ajili ya wahitaji. Nanyi hutuuliza swali lilelile: je, vitu hivi vinawafikia walengwa? Ni swali la haki. Katika toleo hili tumeona tulitazame kupitia habari za mchezaji mmoja wa besiboli.

Besiboli ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, kisha kukimbia kuzunguka vituo vinne. Nchini Marekani ligi kuu hupumzika wakati wa baridi. Lakini katika visiwa kama Puerto Rico, ambako Desemba ni joto kama pwani yetu, ligi huendelea hadi Januari, na Krismasi huzikuta timu ziko katikati ya msimu. Huko Mkristo kupenda ibada na kupenda mechi si mambo yanayogombana.

Roberto Clemente alizaliwa Puerto Rico mwaka 1934, akachezea timu ya Pittsburgh Pirates misimu 18. Mwishoni mwa mwaka 1972 aliongoza timu ya ridhaa ya Puerto Rico katika mashindano huko Managua, Nikaragua. Alikaa na watu wa kule, akawazoea. Alirudi nyumbani, na haukupita muda, tarehe 23 Desemba tetemeko likaubomoa mji ule. Maelfu ya watu walikufa.

Clemente hakuishia kwenye rambirambi. Siku zile za sikukuu alishinda akihimiza michango, na eneo la uwanja wa besiboli wa Hiram Bithorn mjini San Juan likawa mahali pa kupokelea misaada. Alipita hata nyumba kwa nyumba. Mtu aliyekuwa na jina kubwa kiasi kile angeweza kutuma hundi na kuendelea na sikukuu yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kisha habari zikaja kwamba misaada iliyotangulia ilikuwa inachukuliwa na watu wa serikali ya Anastasio Somoza. Hapo ndipo alipoamua kusindikiza mzigo mwenyewe, akiamini kwamba mbele yake hawangethubutu kuugusa. Usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu, imepata ajali uwanjani mwanzoni mwa mwezi uleule, na ilizidishiwa mzigo kwa karibu kilo 1,900. Ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Wote watano waliokuwamo walikufa. Clemente alikuwa na umri wa miaka 38.

Sisi wa ofisi ya miradi tunamheshimu sana ndugu huyu. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anafundisha kwamba imani hujulikana kwa matendo, na hapa tunaona mtu asiye na sura mbili: aliwaomba wengine watoe, naye akajitoa. Hata hivyo hatuwezi kuwaambia kwamba kila kitu kilifanyika sawa. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini mizani haikuangaliwa. Ndiyo maana tunawasumbua kwa hati za kupokelea na orodha zenye sahihi, na ndiyo maana mwenye lori akitwambia "litafika tu" tunaomba kwanza tuone matairi. Wengine huona huko ni kukosa imani. Sisi tunaona ni sehemu ya sadaka yenyewe.

Mwili wa Clemente haukupatikana. Wenzake wa Pittsburgh walisafiri hadi Puerto Rico kwa ibada ya kumkumbuka, isipokuwa mmoja, Manny Sanguillén, aliyekuwa mdakaji wa timu. Saa ile yeye alikuwa baharini pamoja na wazamiaji, akimtafuta rafiki yake.