Alfajiri ya Baridi na Raha ya Mkimbiaji

Saa kumi na moja alfajiri, katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya nchi za milima haina huruma. Huko Kapchorwa, mashariki ya Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, umande hulala juu ya mibuni na migomba, ukungu huziba mabonde, na mtu aliyejifunika blanketi huona kwamba hakuna jambo la busara zaidi duniani kuliko kubaki pale alipo. Hata hivyo, mlango wa nyumba moja hufunguliwa polepole ili watoto wasiamke, na mtu hutoka nje akiwa amevaa fulana, sweta na viatu vya raba. Hujinyoosha, hupuliza viganja vyake, kisha huanza kukimbia.

Majirani wanaosikia vishindo vya miguu yake humhurumia. Husema kuwa maskini yule anajitesa. Lakini mtu huyo anajitayarisha kwa mbio za marathoni, zenye urefu wa kilomita 42 na mita 195, naye amekwisha kugundua jambo ambalo waliolala hawalijui: kwamba saa hiyo ya baridi ndiyo saa tamu kuliko zote katika siku yake.

Ukweli lazima usemwe. Dakika kumi za kwanza hazina raha yoyote. Vidole hufa ganzi, masikio huuma, machozi hutoka pasipo kilio, na miguu huwa mizito kama magogo. Hapo ndipo wengi hurudi nyumbani. Mkimbiaji mzoefu hashindani na hali hiyo wala haikimbii. Huenda mwendo wa pole, karibu na mwendo wa kutembea, akingoja. Kisha, bila kutangaza, joto huanza kupanda kutoka mapajani hadi kifuani, mabega hulegea, pumzi hupata mpangilio wake, na mwili ambao ulikuwa ukinung'unika hunyamaza na kutii. Raha ya alfajiri huanzia hapo.

Sababu yake si uchawi. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotokana na chakula, kiasi cha robo tatu, hugeuka kuwa joto. Mtu akimbiapo mchana wa jua kali, damu yake hutakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuilisha misuli, na kulipeleka joto kwenye ngozi ili litoke kwa jasho. Moyo huchoka mapema. Katika hewa ya baridi kazi ya pili hupungua sana, na moyo huweza kuitumikia miguu. Kwa hiyo kilomita ambazo saa sita mchana zingekuwa adhabu, alfajiri hupita kama mazungumzo na rafiki.

Tena kuna mambo ambayo hayapimwi kwa saa. Barabara ni tupu. Hakuna honi, hakuna redio, hakuna mkubwa anayetoa amri wala mdogo anayengoja kuamriwa. Mtu husikia pumzi zake mwenyewe na kishindo cha miguu yake juu ya udongo. Huona pumzi yake ikitoka mdomoni kama mvuke wa chungu. Harufu ya kuni za kwanza hutoka katika majiko, jogoo hujibizana kutoka mlima hata mlima, na anga la mashariki hubadilika rangi taratibu. Askari ambaye siku nzima ni ya zamu, gwaride na taarifa, hapo hupata saa moja ambayo ni mali yake. Shida nyingi za kazi na za nyumbani, ambazo usiku zilionekana kuwa milima, hurudi kuwa vichuguu kabla ya jua kuchomoza.

WALIOTANGULIA NI ASKARI

Ni jambo la fahari kwamba wengi waliojenga sifa ya marathoni walikuwa watu wa sare. Emil Zatopek, afisa wa jeshi la Czechoslovakia, alianza maisha akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Nchini kwake baridi si ya umande bali ya theluji, naye hakuiogopa. Alizoea kufanya mazoezi katika theluji akiwa amevaa buti zake za kijeshi, akiamini kuwa miguu iliyozoea uzito itaruka siku itakapovishwa viatu vyepesi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alishinda mita 5,000 na mita 10,000, kisha akaingia katika marathoni, mbio ambazo hakuwa amewahi kuzikimbia maishani mwake, akazishinda pia. Hakuna mwingine aliyewahi kupata ushindi wa namna hiyo mitatu katika Olimpiki moja.

Abebe Bikila wa Ethiopia, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme, alikulia katika hewa baridi ya milima. Alishinda marathoni ya Rome mwaka 1960 akiwa pekupeku, na akashinda tena huko Tokyo mwaka 1964. Juma Ikangaa, afisa wa jeshi la Tanzania, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na tarehe 12 Agosti 2012, jijini London, Stephen Kiprotich, mwana wa Kapchorwa na askari wa Magereza ya Uganda, aliipatia nchi yake nishani ya dhahabu kwa muda ule ule hasa: saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Uganda ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki tangu mwaka 1972, wakati John Akii-Bua, askari wa polisi, aliposhinda mita 400 kuruka viunzi huko Munich.

Watu waliona saa hizo mbili za ushindi. Asubuhi za baridi zilizotangulia hawakuziona.

RAHA ISIWE MZIGO WA MWINGINE

Hata hivyo, kuna swali ambalo wakimbiaji wengi hawapendi kuulizwa. Bwana anapotoka alfajiri kwenda kufurahia umande, ni nani anayeamka kuwasha moto, kuchota maji na kuwatayarisha watoto kwenda shule? Anaporudi akiwa na njaa ya simba, nani ameusimamia uji? Na fulana zenye jasho zinafuliwa na nani? Mazoezi ya marathoni huchukua miezi minne au zaidi. Ikiwa furaha ya mmoja inanunuliwa kwa uchovu wa mwingine, nyumba hiyo itashindwa kabla ya siku ya mashindano.

Dawa yake ni mapatano. Bwana ateke maji na kupanga kuni jioni kabla ya kulala. Afue nguo zake mwenyewe. Jeshini alifundishwa kufua, wala ndoa haikumsahaulisha. Kuna siku ambazo yeye atabaki na watoto ili mama naye atoke, akimbie au atembee katika hewa safi, kwani mapafu ya mwanamke hayakuumbwa kwa ajili ya moshi wa jiko peke yake. Zatopek na mkewe, Dana, walizaliwa siku moja, tarehe 19 Septemba 1922, na siku ile ile mume alipopata dhahabu ya mita 5,000 huko Helsinki, mke alipata dhahabu ya kurusha mkuki. Nyumba moja iliweza kuwalea mashujaa wawili.

Kwa anayeanza, mambo machache yatosha:

Aonwe kwanza na daktari ikiwa ana ugonjwa wa moyo, pumu au shinikizo la damu. Aanze kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, na kuongeza umbali kidogo kidogo kila juma, maana haba na haba hujaza kibaba. Avae nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, ili aweze kuvua moja akipata joto. Katika giza avae nguo nyeupe na akimbie akielekea magari yanayokuja. Anywe maji hata kama baridi imemwondolea kiu. Akirudi, avue mara moja nguo zilizolowa, ajifunike, ndipo akae kunywa uji.

Uji huo, ukiwa wa moto katika kikombe kinachopasha vidole, ndio raha ya mwisho ya asubuhi. Watoto wanaamka na kumkuta baba au mama ameketi mlangoni, uso unang'aa, jua la kwanza li miguuni pake. Hawahitaji hotuba juu ya bidii. Wamekwisha kuiona, na huenda siku moja mmojawao akaomba kuamshwa saa kumi na moja.