Mwalimu Mbele ya Kioo cha Simu

Zama za Wadachi, mbao za Shume zilikuwa zikiteremshwa kutoka mlimani kwa kamba za chuma hata stesheni ya Mkumbara, na wazee wetu wakastaajabu. Leo vijana wa hapa hapa Mkumbara huitwa kuhojiwa kazi ya ualimu na watu walioko Dar es Salaam au Maskati, wala hapana anayeinuka kitini pake.

Mwezi uliopita alinijia binti niliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye sasa ana stashahada ya ualimu. Shule moja ya watu binafsi ilimwita ahojiwe kwa simu ya picha. Baba yake alikwisha kataa: vipi mwanamwali aketi chumbani peke yake akitazamana na wanaume? Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, mlango uwe wazi, mama yake aketi kando, na waulizaji waambiwe tangu mwanzo kwamba mama yumo." Akaridhika.

Lakini palikuwa na fitina kubwa kuliko hiyo. Kaka yake alitaka kuketi nyuma ya simu na vitabu, amnong'oneze majibu. Ndugu msomaji, hiyo ni ghushi, na Mtume wetu (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi. Mshahara upatikanao hivyo ndio watakaolishwa watoto! Nabii Yusuf (a.s.) mbele ya mfalme wa Misri aliitaja sifa yake mwenyewe, ya utunzaji na ujuzi, kama ilivyo katika Sura Yusuf, aya ya 55. Basi kujieleza si kiburi. Kibaya ni kudai usichokuwa nacho. Kijana alinuna, akaondoka.

Tulijitayarisha siku tatu. Kwanza tulitazama vyeti, kwani jina la cheti likitofautiana na la kitambulisho cha Taifa hata kwa herufi moja, huzuka maswali. Walimu walioitwa katika usaili wa Sekretarieti ya Ajira mwanzoni mwa mwaka 2025 walihitaji uangalifu huo huo. Na aitwaye kutoka Omani akumbuke kuwa saa yao imetangulia yetu kwa saa moja, na kwamba mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo Jumapili ni siku ya kazi.

Bando linunuliwe jana yake. Dirisha liwe mbele ya uso. Likiwa mgongoni, uso huwa giza tupu. Macho yaelekee kwenye tundu la kamera, wala si kwenye sura yako mwenyewe, na swali likiisha ungoje kidogo, maana sauti huchelewa njiani. Simu tuliiegemeza juu ya vitabu. Mdogo wake akaleta na Msahafu kuongeza kimo, tukauondoa upesi.

Kazi kubwa ilikuwa somo la mfano. Binti aliandika andalio la somo la dakika kumi juu ya sehemu, akalifundisha mbele yangu kwa chungwa na kisu. Mara ya kwanza aliongea kama asomaye hotuba. Mara ya tatu nilijisahau nikajibu kama mwanafunzi.

Siku yenyewe alisoma dua ya Nabii Musa iliyo katika Sura Taha, kisha akaketi. Katikati ya somo mtandao ulikatika. Hakupapatika, aliwapigia simu ya kawaida, akawataka radhi, wakaunganishwa tena, akaendelea pale pale kwenye robo ya chungwa.

Waliahidi jibu baada ya majuma mawili. Leo ni siku ya tisa, na baba mtu ndiye aulizaye kila jioni kama simu imelia.