Gari Likinywa Mafuta Kupita Kiasi: Mwizi Ni Nani?

Ndugu msomaji, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza kwamba haba na haba humaliza tangi. Mwenye gari kuukuu anajua ninachosema. Anatia petroli asubuhi, na kabla jua halijatua mshale umerudi pale pale chini, utadhani kuna mtu ameketi ndani ya boneti akinywa kwa kikombe.

Mjomba wangu ana pikapu aina ya Peugeot 504. Kila alfajiri huenda Kikuyu kuchukua sukuma wiki na viazi, akapitia Dagoretti Market na Waithaka hadi soko la Kawangware. Biashara hiyo ndiyo inayonilipia karo. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba faida yote inaishia kwenye pampu ya petroli. Fundi wa kwanza aliyemwendea hakufungua hata plagi moja. Alimwambia anunue kabureta mpya, na ikishindikana, injini yote ifunguliwe. Mjomba alipiga hesabu, akatikisa kichwa, akasema heri aiuze. Nikajua kwamba gari likienda, karo nayo imekwenda.

Kabla sijaendelea, wacha nilitetee gari hili kidogo. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968. Hapa kwetu ilishinda mashindano ya Safari Rally mara mbili, mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson na mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Wazee wetu wanaikumbuka zaidi kama matatu ya kwenda mashambani. Gari kama hilo halitupwi kwa sababu ya uvumi.

Basi Jumamosi moja tulimwendea fundi mmoja mzee wa jua kali karibu na Dagoretti Corner. Hakushika spana. Aliuliza swali moja tu.

"Mzee, gari yako inaenda kilomita ngapi kwa lita moja?"

"Fundi, mimi najua tu inakunywa sana," mjomba akajibu.

"Hiyo si hesabu. Enda upime, kisha urudi."

Kupima ni rahisi. Unajaza tangi mpaka juu na kuandika nambari ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Unaendesha gari kama kawaida kwa siku kadhaa. Halafu unajaza tena mpaka juu, ikiwezekana kwenye pampu ile ile, na kuandika lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Wiki hiyo pikapu ilikwenda kilomita 168 na kumeza lita 24. Hiyo ni kilomita 7 kwa lita. Fundi alisema kwa gari lile na mzigo ule alitarajia 9 au zaidi. Sasa tulikuwa na ugonjwa wenye nambari, si malalamiko tu.

Fundi alitueleza kwamba petroli ikitoka kwenye tangi ina milango minne ya kupotelea. Inaweza kumwagika au kuibwa. Inaweza kutumika kulisukuma gari lililoshikwa na breki zake lenyewe. Inaweza kuchomwa vibaya ndani ya injini. Na mwisho, inaweza kupotezwa na dereva. Akasema tuanze na mlango usiogharimu kitu.

Mlango wa kwanza tuliufunga upesi. Tulitazama chini ya tangi, kwenye mipira, kwenye pampu ya mafuta na kando ya kabureta kama kuna unyevu, doa au harufu. Kumbuka, msomaji, kazi hii hufanywa mchana au kwa tochi. Kamwe usiwashe kiberiti. Tukauliza pia gari hulala wapi, kwa maana kuna watu ambao usiku hunyonya petroli kwa mpira. Kifuniko cha tangi kilikuwa na ufunguo, na hapakuwa na doa. Mwizi hakuwa hapo.

Mlango wa pili ni magurudumu. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hulala barabarani, na injini hulazimika kulivuta kama mtu anayetembea kwenye matope. Upepo hupimwa tairi zikiwa baridi, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Tairi zetu mbili zilikuwa zimepungua. Kisha fundi aliinua gari kwa jeki, gurudumu moja moja, na kulizungusha kwa mkono. Matatu yalizunguka vizuri. La nne, la nyuma upande wa kushoto, lilikwama kama mtoto anayekataa kwenda shule. Breki yake ilikuwa inashika hata bila kukanyagwa. Akaifungua, akaisafisha na kuirekebisha.

Nilifikiri sasa atahamia kwenye injini, lakini alitufukuza. "Endeni mpime tena. Mkirekebisha vitu vitano mara moja, hamtajua ni gani iliwaponya." Tulipima: kilomita 150 kwa lita 20, yaani 7.5. Mwizi mdogo alikuwa amekamatwa, lakini mkubwa bado alikuwa ndani.

Mlango wa tatu ndio wenye mambo mengi. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu moja yake huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Hewa ikiwa kidogo au petroli ikiwa nyingi, sehemu ya petroli hutoka kwenye ekzosi bila kufanya kazi, na moshi huwa mweusi. Sisi wa Nairobi tuna tatizo la ziada. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani, ikiletwa huku bila kurekebishwa, itamwaga petroli kuliko inavyotakiwa.

Fundi alitoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Plagi huongea, alisema. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Ikiwa nyeupe sana, petroli ni kidogo mno au injini ina moto kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, pistoni na ringi zake zimechoka. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, petroli ni nyingi mno. Zetu zilikuwa masizi matupu.

Basi ni nini kilichozidisha petroli? Tulichukua kichujio cha hewa, kile mafundi hukiita ea klina, tukakishika kuelekea juani. Mwanga ulipenya, kwa hivyo hakikuwa kimeziba kwa vumbi. Kisha fundi akaingia mahali pa dereva na kuona jambo ambalo sote tulilizoea. Choki ilikuwa imevutwa nusu.

"Mzee, mbona choki imevutwa na gari imetembea mchana kutwa?"

"Bila hiyo inazimikazimika, fundi. Injini yake ni ya baridi."

Fundi akacheka, akasema, "Sasa umesema."

Tulipanda naye kwa Ngong Road kuelekea Karen na kurudi. Njia nzima mshale wa joto haukuinuka. Gari lilipopoa kabisa, maana rejeta haifunguliwi ikiwa moto, alifungua mahali panapokaa thermostati. Palikuwa patupu!

Thermostati ni mlango mdogo wa maji ulio kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji hayaendi kupozwa. Joto likifika nyuzi 80 hivi, nta hupanuka na kuusukuma mlango, maji yakapita. Mafundi wengi wa hapa kwetu huitoa na kuitupa gari linapochemka, wakidhani wanasaidia. Kumbe wameuficha tu ugonjwa wa rejeta iliyoziba. Bila thermostati injini hubaki baridi, hasa asubuhi za Julai huku kwetu. Petroli kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri. Hushikamana na kuta kama matone. Dereva huvuta choki ili aongeze nyingine. Ile isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuimaliza injini kabla ya wakati wake.

Mjomba alinunua thermostati kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Rejeta ilisafishwa, plagi zikasuguliwa, choki ikarudishwa ndani. Tulipima tena: kilomita 171 kwa lita 18. Hiyo ni 9.5! Safari zile zile zilizokuwa zikila lita 24 kwa wiki sasa hula chini ya 18. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na hatuna uwezo wa kuibadilisha. Lakini lita 6 kwa wiki zimerudi mfukoni, na kabureta ni ile ile ya zamani.

Mlango wa nne, yaani dereva, haugharimu kitu. Gari linalonguruma huku limesimama kwenye msongamano wa Naivasha Road linafanya kilomita sifuri kwa lita. Kukanyaga mafuta kwa nguvu kati ya tuta na tuta ni kununua mwendo na kuuchoma kwa breki. Vyuma visivyo na kazi nyuma ya gari ni abiria wasiolipa. Ila usizime injini wala kutoa gia kwenye mteremko ili kubana mafuta. Hapo unaweka rehani maisha yako.

Labda msomaji atasema, "Kwetu tuna NZE, haina kabureta." Ni kweli, magari hayo hupimiwa petroli na kompyuta, na taa ya injini ikiwaka au kihisi cha oksijeni kikiharibika, hiyo ni kazi ya mwenye mashine ya kupimia. Lakini hata kompyuta ikiambiwa injini ni baridi huongeza petroli, kama mjomba na choki yake. Thermostati ikitolewa, hasara ni ile ile.

Wanafunzi wenzangu, kugawanya tulifunzwa shule ya msingi, na kupanuka kwa vitu vikipata joto tumefundishwa katika fizikia. Hayo mawili ndiyo yaliyoliokoa gari la mjomba. Kabla hujauza wala kununua, pima kwanza, rekebisha kitu kimoja, kisha upime tena. Hapa natua kalamu.