Babu alikwenda manamba: Safari yake inavyoweza kuwa wimbo na mchoro

Kwenye familia nyingi za Njombe na Makambako kuna babu, au baba yake babu, anayetajwa kwa sentensi moja tu: "Alikwenda manamba." Mjukuu akiuliza zaidi, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya parachichi. Kumbe hapo ndipo penye stori ya kuimba na kuchora.

Manamba ni nani?

Ni vibarua waliochukuliwa kwa mkataba, enzi za ukoloni, kwenda kwenye mashamba makubwa, hasa ya mkonge Tanga na Morogoro. Jina linatokana na namba: kila mmoja alipewa yake.

Kilichowatoa wengi nyumbani ni kodi. Mkoloni alitaka fedha taslimu, na Ubena fedha hiyo ilikuwa ngumu kupatikana. Shambani mtu alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Asipomaliza kazi aliyopimiwa, siku hiyo haihesabiwi.

Leo Makambako ni njia panda ya kwenda Dar es Salaam, Mbeya na Songea, na treni ya TAZARA inapita hapo. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Manamba wa kwanza hawakuikuta. Wengi walianza safari kwa miguu.

Mkongeni palizaa sanaa

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko, mwaka 1968, alianza kuchora picha zilizoupa mtindo mzima jina lake. Alifariki 1972.

Kwenye muziki, Jamhuri Jazz ya Tanga ilianza miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi, jina la watu wa Tabora, mbali kabisa na Tanga.

Pa kuanzia

Baada ya "kamwene" na chai, swali la "tueleze historia yako" huwa zito mno. Maswali madogo ndiyo yanayofungua: Namba yako ilikuwa ngapi? Mlilala wapi? Mlikuwa mnaimba nini? Mshahara wa kwanza ulinunua nini?

Kama mzee anakumbuka kwa Kibena, arekodiwe kwa Kibena. Namba yake inaweza kuwa kiitikio cha wimbo. Mchoraji anaweza kuchora kadi ya vyumba 30, vingine vitupu: zile siku ambazo mtu alifanya kazi bila kuhesabiwa.

Na bibi je?

Wapo waliorudi, na wapo waliolowea huko wakaoa upya. Nyumbani, bibi alibaki na shamba na watoto. Kitabu cha mwanahistoria James Giblin cha mwaka 2005 kuhusu Njombe kinaonyesha jinsi familia ilivyokuwa kimbilio la watu katika miaka hiyo. Wimbo wa babu peke yake ni nusu ya stori.

Ruhusa kwanza

Mzee kukubali kurekodiwa sio kukubali kuwekwa YouTube. Ndani ya safari hizi kuna wake wa pili, madeni, na watoto ambao ukoo haujawahi kuwataja. Ni vizuri asikilizishwe kazi kabla haijatoka, na akisema jina fulani litolewe, litolewe.

Wimbo wa jadi nao sio mali ya anayeuokota. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo anayetaka kuutumia kibiashara aulize kwanza COSOTA na BASATA.

Kwa nini sasa?

Kijana wa miaka 20 aliyekwenda mkongeni mwaka 1955 alizaliwa 1935. Waliobaki wa umri huo ni wachache, na wengine bado wanaikumbuka namba yao. Studio inaweza kusubiri. Kwa kuanzia, simu ya mfukoni inatosha.